Hakima avusha yaki saba kwenye barafu inayotembea

Jua halijafika Arandu, kijiji cha milimani. Hakima Bano anagonga barafu kwa fimbo, anasikiliza, anagonga tena. Sauti ikiwa nzito, anapita. Ikilia kama debe tupu, anakata kona, na yaki saba, ng'ombe wenye manyoya marefu walio nyuma yake, wanageuka naye bila kuambiwa.

Ng'ambo ya mto huu wa barafu, Chogo Lungma, ndiko kuliko na malisho ya kiangazi. Asiyevusha mifugo hana siagi, na asiye na siagi hana la kufanya na yaki ila kuwauza.

Mwaka jana alianza safari na wanane.

Barafu hii hutembea, polepole lakini hutembea. Ndiyo maana anayeongoza hupanga marundo ya mawe kama alama wakati wa kwenda na kuyabomoa wakati wa kurudi, maana yakiachwa mwaka mzima yatahama na kuonyesha njia ya uongo. Mwaka juzi yalipangwa na Asgar, mume wa Hakima. Homa ya mapafu ilimuua kule kule malishoni. Hakima akarudi peke yake na mifugo, na hakugusa hata jiwe moja.

“Aliyapanga kwa mikono yake,” anasema. “Ningeyapigaje teke?”

Kiangazi kilichofuata akayafuata. Rundo la tatu lilikuwa limesogea hadi kwenye ufa uliozibwa na theluji laini. Karpo, yaki aliyetangulia, akatumbukia. Alisikika akilia humo hadi mchana.

Tangu siku hiyo shemeji yake, Haidar, hana wimbo mwingine: wauzwe. Mnunuzi keshapatikana. Jana Haidar alimfuata Hakima zizini mbele ya majirani.

“Shemeji, barafu imekushinda. Kubali yaishe.”

“Ilimshinda Karpo. Mimi nipo,” akajibiwa. “Huyo mnunuzi mpikie chai yetu ya chumvi, akimaliza aende zake.”

Majirani wakacheka. Haidar hakucheka, na kusema kweli hoja yake si ya kipuuzi. Nyufa zinaongezeka kila kiangazi. Mwandishi huyu, ambaye mama yake alivuka hapa miaka yote, leo anakanyaga nyayo za Hakima, hatua kwa hatua.

Katikati ya barafu rundo la tatu bado limesimama, mbali zaidi na lilipokuwa. Hakima analikaribia.

“Nisamehe, baba Zainab,” anamwambia marehemu mumewe. “Ulinionyesha njia ya mwaka ule.”

Kisha analipiga teke. Mawe yanabingirika hadi ndani ya ufa, naye anapanga mapya pembeni, mahali fimbo ilipotoa sauti nzito.

Kabla ya adhuhuri yaki wote saba wako kwenye nyasi. Hakima anakanda unga wa shayiri kwa chai, anakula akiwa amesimama. Kiangazi kijacho, anasema, atakayetangulia ni binti yake Zainab, Haidar apende asipende.

“Na nimeshamwambia. Siku nikifa, marundo yangu ayabomoe kabla hajaanza kulia.”