Omosa na Paa Lililogoma

Kaka yangu Omosa ameendesha lori la majani chai kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote hajawahi kusoma kitabu cha gari lolote. Anasema gari linasikilizwa, halisomwi. Mimi nasema macho yamemwisha na kiburi kimebaki, maana miwani aliyopimiwa hospitalini aliiviringisha kwenye soksi akaificha chini ya godoro. Mimi ni Jemimah, mdogo wake, fundi wa nguo hapa Suneka. Wiki ya harusi ya mpwa wetu Emily, kaka yangu alinichosha mpaka nikatamani kumkana mbele ya watu.

Nianze na lori. Mwaka jana kiwanda kilileta malori mapya kikaajiri vijana wayaendeshe. Omosa alipewa blanketi, sufuria na barua ya shukrani, akaenda nyumbani Nyacheki. Miezi minane alishinda kwenye kituo cha kununulia majani akitazama malori ya wengine na kukosoa jinsi yanavyorudi nyuma. Mkewe alinipigia simu kila siku ya Mungu kuniambia mume wake anakonda. Nilimwambia namwona, hata mimi nakonda kwa kusikiliza.

Ndipo Mogaka akamwita. Mogaka hukodisha mahema, viti na magari ya harusi mjini Kisii, na alikuwa amenunua gari jekundu la michezo lenye paa la kitambaa. Ukibonyeza swichi, paa hujikunja lenyewe likaenda kulala ndani ya buti, na bwana harusi na bibi harusi wakaonekana na dunia nzima. Alitaka dereva mtu mzima, asiyekunywa, asiye na mbio.

"Mzee Omosa, harusi ya kwanza ni ya mpwa wako," alimwambia. "Hii gari irudi ikiwa kavu na nzima, kazi ni yako."

Omosa alinirudia maneno hayo mara nne kwenye simu. Kavu na nzima. Hakuna mtu kwetu ambaye hakujua kwamba Jumapili ile ya harusi ndiyo ingeamua kama kaka yangu angerudi kuwa dereva au angezeekea pale kituoni.

Ijumaa alilileta gari kwangu kwa sababu nina geti. Mogaka alikuwa amemfundisha kwa mdomo na mkono kwa robo saa, kisha akampa kitabu kinene. Omosa alikisukuma chini ya kiti.

"Soma," nikamwambia.

"Nimeambiwa yote. Buti isiguswe, basi."

Matatizo yalianza asubuhi ya Sabato, kabla hata hatujaenda kanisani. Gari lile lina tabia yake. Ukibonyeza rimoti linajifungua milango, lakini usipofungua mlango ndani ya nusu dakika linadhani umebonyeza kwa bahati mbaya, linajifunga tena. Sasa, dereva wa lori la majani chai haingii garini moja kwa moja. Anazunguka kwanza. Anapiga teke tairi la mbele, anapiga la nyuma, anainama kutazama kama kuna mafuta yanavuja, anafika upande wa pili anafanya vivyo hivyo. Omosa alibonyeza, akazunguka, akarudi mlangoni, akakuta umefungwa. Akabonyeza tena. Akazunguka tena. Nilimhesabia mara tano nikiwa nimeshika Biblia mkononi.

"Baba Ombui," nikamwambia kwa jina la mwanawe, "zunguka kwanza, halafu ndiyo ubonyeze."

"Siwezi kuzunguka gari iliyofungwa. Nitajuaje imekubali?"

Mara ya sita alikasirika, akachomoa kile kifunguo kidogo cha chuma kinachojificha ndani ya rimoti, akafungua mlango kwa mkono. Gari likamwona ni mwizi. King'ora kilipiga mpaka shemasi akatoka katika kanisa lililopakana na ua wangu, akasimama akitutazama juu ya ukuta na kitabu cha nyimbo kifuani.

Tulipokuwa ibadani kikalia tena. Omosa alikuwa ameliacha paa wazi ili kiti kipate hewa, akafunga milango kwa rimoti kama kawaida. Lakini ndani ya gari kuna kijicho cha king'ora kinacholinda. Paa likiwa wazi, kitu chochote kinachopita pale kwenye viti kinakiamsha, na kuku wangu mwekundu alikuwa ameingia kutaga kwenye kiti cha ngozi. Ili kijicho kilale inabidi ubonyeze mara mbili haraka. Hilo mimi ndiye niliyelisoma kwenye kitabu jioni, na sina hata leseni. Nilipomsomea aliniambia anajua. Alipojaribu alibonyeza mara tatu, na madirisha yote yakashuka.

Jumapili asubuhi tuliondoka kwenda Nyacheki kumchukua Emily. Gauni nililishona miezi mitatu, shanga moja moja, nikiwasha taa mchana kwa ajili ya macho yangu mwenyewe. Harusi ilikuwa Ogembo, nyumbani kwa akina bwana harusi, na kwetu mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Asubuhi hiyo nilikata mkungu wa ndizi, mkubwa, nikaufunga kikonyo kwa utepe wa kitambaa kilichobaki cha bitana ya gauni ili utomvu usichafue kitu. Omosa alikuwa ananawa uso. Nikafungua buti. Paa lilikuwa limelala humo ndani, na mbele yake kulikuwa na kizuizi cha plastiki kilichokaa vibaya, kinakula nafasi yote. Nikakisukuma kwa goti mpaka kikakubali, nikaziingiza ndizi, nikafunga. Buti ni buti.

Emily alipaswa kutoka saa nne. Kwanza mpiga picha alichelewa, halafu wazee walitaka kuomba, halafu wakataka kuomba tena kwa sababu mzee mmoja hakuwepo ombi la kwanza. Tuliondoka saa saba na nusu. Omosa mbele kwenye usukani, amevaa suti ya kaki aliyoipiga pasi mwenyewe. Emily kando yake, mzuri hata nikasahau hasira. Mimi nyuma, kwenye kile kiti kidogo kinachotosha mtoto tu, magoti kidevuni, nimeshika mkia wa gauni usiguse mlango. Watu waliokuwa wakichuma majani walisimama wakatupungia mikono. Omosa aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, vile madereva wa lori wanavyosalimiana. Sijamwona na uso ule tangu kiwanda kimwachishe.

Mvua ya kwetu haikosi miadi baada ya chakula cha mchana. Tulipofika kituo cha kununulia majani, matone ya kwanza yakaanguka kwenye dashibodi. Omosa akasimamisha gari kando ya barabara, akabonyeza swichi ya paa. Taa ya manjano ikawaka. Gari likasema ting. Paa halikutikisika.

"Bonyeza vizuri," nikasema.

Akabonyeza vizuri. Ting.

"Zima, uwashe."

Akazima, akawasha. Ting. Tone likaanguka kwenye bega la Emily, na nikaliona likipanuka kwenye kitambaa cheupe. Miezi mitatu.

Omosa akashuka. Na unajua alichofanya? Alizunguka gari. Alipiga teke matairi, moja baada ya jingine, na mvua inakuja kutoka upande wa vilima tunaiona. Akafika nyuma, akafungua buti, akainama. Alipoinua kichwa alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, kisha akaifunga buti polepole.

"Imekataa," akasema.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu! Kitabu kiko chini ya kiti siku tatu, hukukifungua! Ndiyo maana kiwanda kilikufukuza!"

Nilisema hivyo. Nilisema mbele ya Emily na mbele ya watu wa kituo, watu aliokuwa anawapakia majani miaka yote hiyo. Emily akaniambia, "Anti, tafadhali." Omosa alienda kwa karani wa kituo, akarudi amebeba turubai la lori begani na kamba mkononi.

Hapo sasa nilimwona dereva. Turubai lilipita juu ya kioo cha mbele, likatushukia mimi na Emily, likafika buti. Akapitisha kamba huku, akaivuta kule, akafunga yale mafundo yao ambayo hayalegei barabarani na huachia ukivuta ncha moja. Ilimchukua muda mfupi kuliko ule wa kuandika sentensi hizi. Upande wake aliuacha wazi kwa sababu lazima aone njia. Tulikaa gizani na harufu ya majani mabichi, Emily ananishika mkono, na mvua ikaanguka yote. Nilisikia maji yakimiminika kwenye kiti cha Omosa. Hakuongeza mwendo hata kidogo.

Ogembo watu walitoka kanisani kutazama. Walitarajia gari jekundu, wakapata mzigo wa majani chai. Omosa akavuta ncha moja ya kamba, turubai likaachia, na Emily akashuka akiwa na doa lile moja tu begani. Kaka yangu alikuwa amelowa mpaka soksi. Pasi yote ya suti imeisha. Katikati ya kiapo king'ora kikaanza, maji yalikuwa yamefika mahali, akatoka kwenda kuchomoa waya wa betri na hakurudi ndani tena. Baadaye nikamuuliza ndizi zangu ziko wapi. Akasema ameshampa mama mkwe.

Jumatatu alilirudisha gari. Halikuwa kavu wala zima. Mkewe aliniambia amerudi kwa miguu kutoka barabarani, ameanza tena kushinda kituoni.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nikavaa vizuri nikaenda Kisii kwa Mogaka, kumwombea. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: mzee haoni vizuri, mzee ana aibu, kitabu nitamsomea mimi.

"Si mambo ya kitabu," Mogaka akasema. "Kile kizuizi cha buti kisipokaa mahali pake, paa haliwezi kutoka. Gari linaogopa kujiponda. Hilo nilimwonyesha kwa mkono, na alielewa. Halafu anakuja kuniambia ameweka ndizi. Amekiri mwenyewe. Amekisukuma kizuizi mpaka ndoano yake ikavunjika."

"Nani ameweka ndizi?"

"Yeye. Omosa."

Akafungua droo, akaweka mezani ndoano ya plastiki iliyovunjika. Utepe mweupe ulikuwa umeizunguka, umekauka na utomvu mweusi. Ile bitana niliinunua mwenyewe. Hakuna nguo nyingine Kisii nzima iliyoshonwa kwa kitambaa kile.

Nilikaa. Nikamwambia Mogaka kila kitu, pamoja na goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Mwambie aje Jumatatu saa mbili," akasema. "Na mama, harusi zinazokuja, wewe tafuta gari lingine."

Nilimkuta Omosa nyumbani akipasua kuni.

"Nani alikutuma kwa Mogaka?" akauliza kabla sijasalimia. Habari kwetu hazingoji mtu afike.

"Nimejituma. Kwa nini hukusema ni mimi?"

Akapasua gogo lingine kwanza. "Emily alikuwa amekaa pale, na harusi ni yake. Ningesema, ungelia mpaka Ogembo, na yeye angelia na wewe."

"Na kwa Mogaka?"

"Gari ilikuwa mkononi mwangu. Sikutazama buti asubuhi. Nilitazama matairi."

Nilitaka kumwambia juu ya lile neno la kiwanda. Nilianza, "Baba Ombui, kile nilichosema pale kituoni..."

"Tiga, Jemimah. Acha." Akaweka shoka chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Jumatatu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na kile kitabu kiko wapi?"

Nilikuwa nacho kwenye kikapu, Mogaka alinipa. Nikamnyooshea. Alikifungua ukurasa wa kwanza, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Kisha akaingia ndani, na nikasikia godoro likiinuliwa.