Mwanangu Aliutandaza Moshi Wangu Mbele ya Baraza

Mhariri, jina langu lifiche, ingawa hapa Manga hata ukilificha watanijua kwa maneno yangu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Darasa nilifika la pili tu, lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu. Mimi ni mchoma matofali. Kanisa letu, shule yetu, hata nyumba ya chifu mwenyewe, yote ni matofali ya tanuru langu. Hakuna tofali langu lililowahi kupasuka. Anayebisha aje.

Shida yangu ni kifungua mimba wangu. Nilimsomesha kwa tanuru hilo hilo mpaka akaajiriwa Nairobi, katika ofisi ya kutazama picha za setilaiti, hicho chombo ambacho Wazungu wamekirusha kizunguke juu ya mawingu. Kazi yake ni kuchora ramani ya moshi: wilaya gani hewa yake ni chafu, wilaya gani ni safi. Mtu mzima, na digrii, anachora moshi!

Sasa sikilizeni. Wakati wa kiangazi bonde letu asubuhi limejaa moshi, watu wanakohoa. Mimi ndiye niliyesimama nikasema ni kiwanda cha chai kilicho ng'ambo ya kilima. Nikawakusanya wazee, chifu akaita baraza, mkubwa wa kiwanda akaja na tai yake shingoni. Kijana alikuwa nyumbani likizo. Nikamwambia, "Njoo na picha zako ummalize huyu mtu."

Akasema, "Tata, afadhali usiniite." Tata ndiyo baba kwetu. Nikadhani ni woga, nikamwita.

Akatandaza picha juu ya meza ya chifu. Moshi wa kiwanda ulikuwa mwembamba kama uzi, tena umeelekea upande mwingine. Bonde letu lilikuwa limefunikwa kabisa, na pale moshi unapoanzia akapawekea kidole: kando ya mto. Kando ya mto kuna tanuru moja tu, na wote wanalijua ni la nani.

Nikasimama na fimbo yangu. "Nani alikuruhusu kuchungulia boma la baba yako kutoka juu? Huna haya?"

"Tata, boma halionekani. Kinachoonekana ni moshi tu."

Baraza lote likacheka. Jirani yangu, mtu ambaye nyumba yake mpaka leo ni ya udongo, akapaza sauti: "Omogaka, mzee wetu, hongera! Umejulikana mpaka mbinguni!"

Na niwaambie, katika Manga yote ni nani mwingine aliyewahi kuonekana kutoka huko juu? Lakini si mtoto wangu wa kunionyesha mbele ya mtu wa tai.

Sasa anaoa. Kwetu baba ndiye humwonyesha kijana mahali pa kujenga. Nimemwonyesha, chini ya nyumba yangu, karibu na mto. Amekataa. Anasema kifua cha mama yake kimeharibika, na yeye hataleta mtoto wa kupumua hapo. Nizime tanuru, la sivyo atanunua shamba Kiogoro. Kifungua mimba wangu, ajenge kwa ardhi ya kununua kama mtu asiye na baba! Mama yake naye amefunga nguo zake, ati anamfuata.

Nikawaambia, "Nendeni. Hiyo nyumba mtaijenga kwa ramani za moshi."

Kijana akajibu, "Tutajenga kwa mabati, Tata."

Mabati! Mtoto wa mchoma matofali!

Jana asubuhi nilikwenda pale nilipomwonyesha, nikang'oa magugu mwenyewe, kiwanja kikawa safi. Nikainua macho nitazame nyumba yangu pale juu. Sikuiona. Ulikuwa ukungu tu.

Wasomaji, nishaurini. Lakini atakayeniambia nizime tanuru asipoteze wino wake, hilo sikuuliza. Ninachouliza ni hiki: tanuru likiwaka, nimrudishe vipi kijana wangu nyumbani?