Msiba Hausemwi kwa Simu

Utotoni niliogopa hodi ya alfajiri kuliko mbwa wa jirani. Kwetu Waeritrea msiba hausemwi kwa simu. Watu hukusanyika kwanza, halafu huja wote pamoja kabla jua halijatoka. Bibi, mama yake mama, alituonya tangu tukiwa Asmara: mtu akiambiwa habari ya kifo akiwa peke yake, huzuni inamwingia na kujifungia kwa ndani. Na mtoto hahesabiwi kuwa mtu wa kukaa na mfiwa.

Sasa fikiria Sydney wakati wa Korona. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, katika nyumba ya kupanga Mount Druitt. Ombi letu la hifadhi lilikuwa halijajibiwa, mama amesimamishwa kazi ghalani, na kutembeleana kumepigwa marufuku. Siku zilikuwa ndefu, jamani! Mama alifikia kuongea na sufuria.

Asubuhi moja akasema ameota jino lake la nyuma limeng'oka. Maana yake nilikuwa naijua: mzee wa ukoo anaondoka. Tangu hapo kila alfajiri nilimkuta ameketi karibu na mlango, anasikiliza. Kukipambazuka kimya, anajifariji, "Hakuna aliyekuja. Basi mama yangu yupo."

Loo! Nani angekuja, na polisi wamejaa barabarani?

Haukupita muda, Mama Neema akaniita kwenye ua. Alikuwa jirani yetu, Mkongo, rafiki wa pekee wa mama. Walielewana kwa Kiswahili tulichotoka nacho Nairobi, tulikokaa kabla ya kuja Australia. Mjomba alikuwa amempigia yeye makusudi. Bibi amefariki.

"Selam, ficha simu ya mama yako," alininong'oneza. "Watu wataandika pole kule mtandaoni, ataona akiwa peke yake. Tupe mpaka kesho."

Niliizima, nikaifukia kwenye mfuko wa mchele. Mama aliitafuta hadi chini ya godoro, akalalamika kwamba akili yake inaharibika. Mimi nachemsha chai. Bibi yangu amekufa na siruhusiwi kulia. Sijawahi kuwa mpweke vile.

Alfajiri wakaja. Sheria iliruhusu watu kutoka kufanya mazoezi wawili wawili, basi walivaa raba na suruali za mazoezi, barakoa usoni: Mama Neema na mumewe, na nyuma yao mzee mmoja wa Kieritrea na mkewe kutoka mtaa wa pili, shuka nyeupe za kanisani juu ya jaketi. Wakasimama kwenye nyasi, kila mmoja mbali na mwenzake.

"Mama Selam," Mama Neema aliita, "fungula dirisha. Tuko hapa."

Mama alifungua. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuuliza ni nani amekufa. Alisema tu, "Mmekuja," ndipo akapiga ukelele. Wale wanne wakalia naye palepale nje, kwenye baridi, bila kuweza kumgusa.

Sasa niko chuo kikuu, Kensington, hapahapa Sydney, na bado sijui kama bibi alisema kweli. Huzuni ilimwingia mama vilevile, ikakaa. Hakuweza kwenda kuzika, na ombi letu lilijibiwa baada ya miaka. Lakini muulize habari za wakati ule, hatakusimulia njaa wala kufungiwa. Atakueleza nani alisimama wapi. Mimi naishi chumba cha kupanga, na majirani zangu hata majina siwajui. Mama akianza kuwataja wale watu wake, namwonea wivu.