Ukucha wa Mkaguzi

Mume wangu alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba, nami nilimtania kwamba ule ni mali ya serikali. Alikuwa mkaguzi wa vipuri vya ndege hapa Bunia. Miaka ile ya amani ya wasiwasi serikali ilimtuma akague hata vya ndege ya jeshi, maana vilikuwa vinaletwa bila kujulikana vimetoka wapi. Aliupitisha ukucha polepole juu ya namba ya kipuri. Ukikwama, alijua namba ya zamani imefutwa kwa tupa na nyingine kugongwa juu yake. Nyumbani aliupitisha kwenye masufuria yangu mapya, mchokozi yule, akaniambia nimeuziwa kuukuu.

Siku moja nilikuwa uwanja wa ndege, nimekalia begi langu. Mama yangu alikuwa mahututi Kisangani, na ndege ya jeshi ilikubali kubeba raia wachache. Kwenye orodha ya abiria jina langu lilikuwa la nne, chini ya mama mmoja wa mji wa Fataki mwenye mapacha. Tulikaribia kupanda, ndipo nikamwona mume wangu amechuchumaa penye gurudumu, ameshika pini ambayo fundi alitaka kuifunga. Ukucha ulikuwa umekwama.

Akachukua msumeno. Kipuri kibovu hakukirudisha kamwe. Alikikata vipande viwili mbele ya watu, kwa sababu kikibaki kizima, kesho kingepakwa mafuta na kufungwa tena. Rubani alifoka. Mimi nilifoka kumshinda rubani.

“Weye unakata nini? Mama iko ananingoja!”

“Najua, bibi,” alisema, jasho likimtiririka, na hakuacha kukata.

Ndege ikabaki ikingoja pini nyingine, nami nikapanda lori. Matope ya njia ya Niania yalitushika siku sita. Nilipofika Kisangani, mama alikuwa ameshazikwa.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Mudzipela, nimenuna, nikawa namsukumia sahani yake wiki nzima. Ndege ilikuwa imeletewa pini nyingine, ikaruka salama, kwa hiyo hakuna atakayejua ile ya kwanza ingefanya nini. Hilo liliniuma zaidi. Mwishowe nikamuuliza, na jibu nililolitaka nilikuwa nalo tayari.

“Ulikata sababu ya miye? Kama sikukuwa mu liste, ungekata?”

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata akiulizwa kama anataka chai.

“Ningeikata tu.”

Nililia, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya jibu lile. Kisha nikamkumbuka yule mama wa Fataki na mapacha wake. Yeye hakuwa na mume mkaguzi wa kumkatia pini. Nikamshika wangu mkono, kile kidole gumba kikiwa ndani ya kiganja changu, nikampakulia ugali mwingine.