Kigari cha Mtoto Kinachobeba Maharage Yeoville

Saa tano asubuhi, Jocelyne Nabintu anasukuma kigari cha mtoto kwenye barabara ya Rockey, mtaa wa Yeoville, Johannesburg. Mpita njia anafunua kitenge kidogo amchungulie mtoto. Anakutana na sufuria ya maharage.

"Hajambo, amelala," Jocelyne anamwambia, na safari inaendelea.

Utani upo, lakini leo Jumatano hana mchezo. Jumatatu maharage yalimwagika njiani, sufuria ikafika nusu. Hélène, mwenye saluni anayewanunulia wasusi wake chakula, alimpasulia wazi: "Ma Jocelyne, Jumatano yakimwagika tena, tunarudi kwenye mikate ya spaza, kiduka cha hapo kona."

Saluni hiyo inachukua sahani kumi na nne kati ya ishirini anazouza kwa siku.

Kosa lilianzia kwa Bakiri, fundi wa kuchomelea kutoka Tanga. Kigari ni cha zamani, cha magurudumu makubwa; Jocelyne, 41, alikinunua mwaka huu wa 2017 kwa waokota vyuma wa Berea, mtaa wa jirani, rand 150. Bakiri, kwa nia njema kabisa, aling'oa springi zote akachomelea vyuma vilivyonyooka, eti kiwe imara.

"Dada, springi ni za kumbembeleza mtoto," alijitetea. "Sufuria inabembelezwa ya nini?"

"Kaka, maharage nayo yanalia!"

Alijua anachosema. Utotoni kwao Bukavu, Kongo, mama yake alikuwa yaya kwa familia ya Wagiriki, nao walipohama wakamwachia kigari kama hicho. Kililaza watoto watano, mmoja baada ya mwingine. Kitinda mimba alipoanza kutembea, mama akakipa kazi nyingine: kupeleka mayai sokoni Kadutu.

"Njia ilikuwa mawe matupu," Jocelyne anasimulia. "Sisi watoto tunakimbia pembeni, tunaomba hata moja lipasuke tule. Mayai yanacheza, yanacheza, hayapasuki! Tulikuwa tunakasirika kweli."

Ndiyo maana jana alisimama mlangoni kwa Bakiri, mikono kiunoni, mpaka springi zikarudi mahali pake.

Sasa robot, taa ya barabarani, inawaka kijani. Anavuka, anaingia shimo la kwanza, la pili, anapanda ukingo wa njia ya miguu. Kigari kinayumba kama kitanda cha kamba. Jocelyne hachungulii.

Saluni, Hélène mwenyewe anafunua kitenge. Anapitisha kidole kuzunguka mdomo wa sufuria. Kidole kinatoka kikavu.

"Eish! Ma Jo, umeyafunga kamba?"

"Pakueni jamani, njaa inauma!" msusi mmoja anapiga kelele.

Hélène anaongeza kwamba washonaji wa jirani nao wanataka, watu kumi na mmoja. Kigari kimoja hakitatosha, na Jocelyne tayari ameshaona cha pili.

"Kiko Berea, kwenye baraza la bibi mmoja, kapanda lengalenga, mchicha wetu ule, ndani yake," anasema huku akipakua. "Nitampelekea ndoo tano apandie mboga zake, na sahani ya maharage kila Ijumaa. Atakataa vipi?"