Mfumi Aliyekataa Kuolewa Akilinda Kura Yake

Moshi haujaanza kutoka kwenye nyumba za jirani, lakini Keziah Van Liew tayari yuko kwenye kitanda chake cha kufumia. Mguu unakanyaga, mkono unapitisha uzi, mbao zinagonga. Kijijini hapa New Jersey, Marekani, mwaka huu wa 1808, watu huamka kwa mlio huo.

Ni mjane wa miaka arobaini na minane. Yadi moja ya kitani humpatia shilingi moja, na wateja wengi humlipa kwa unga wa mahindi au kipande cha nyama ya nguruwe.

"Sijawahi kulala njaa," anasema. "Peke yangu ndiyo nimelala, na hilo nilijitakia."

Abner Stilwell, fundi wa magurudumu, amemposa mara tatu. Mara zote tatu amemkatalia, na si kwamba hampendi. Mwanamke akiolewa, nyumba, ng'ombe na vyombo vyake vya kazi vinakuwa vya mume. Na hapa jimboni aliyekuwa na kura ni mwenye mali ya paundi hamsini, hata mwanamke, mradi hana mume. Keziah alikuwa nazo. Kila uchaguzi alipanda ngazi za nyumba ya wageni inakopigiwa kura, akatia karatasi yake sandukuni kati ya wanaume wenye mabuti ya matope.

"Walikuwa wananitania. 'Haya mama, chagua mwenye sura nzuri.' Nawaambia, kwa sura hizi bora nirudi nyumbani."

Anacheka kidogo, kisha anainama kuunga uzi uliokatika.

Mwaka jana wakubwa wa jimbo walibadili sheria. Sasa mwanamume mweupe yeyote anayelipa kodi ana kura, hata kama hana shamba. Wanawake wametolewa, na watu weusi walio huru wametolewa pia. Abner, anayepanga chumba nyuma ya karakana, Jumanne ijayo atapiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Habari zilipofika, alikuja kwa Keziah na matufaha kwenye kofia, akidhani anamfariji.

"Sasa umebaki na nini cha kulinda, mama? Si tuoane tu. Kura yangu itakuwa yetu. Wewe nitajie jina, mimi naandika."

"Na siku tukigombana, utaandika la nani?"

Abner alimwaga matufaha mezani, akavaa kofia, akaondoka. Matufaha yalikaa mezani mpaka yakaoza. "Na mimi si mtu wa kutupa chakula," anasema Keziah.

Wiki iliyopita alimpa jibu. Ataolewa, ila Jumanne Abner asiende kupiga kura. Wakae jikoni, wakose wote wawili. Uchaguzi mwingine hatamzuia.

"Unataka nitupe kitu nilichokingoja tangu niote ndevu?"

"Mara moja tu, Abner. Mimi nilikutupa wewe mara tatu."

Hajarudi tangu siku hiyo.

Karakanani kwake, Abner anachonga bila kuinua macho. "Baba yangu alizeeka akisikiliza majina ya washindi nje ya mlango," anasema. "Mwambieni nampenda. Mwambieni pia sijui."

Keziah anaambiwa. Mguu wake unasimama juu ya ubao.

"Njia ya kwenda kupiga kura inapita hapa mlangoni," anasema. "Jumanne sitafuma. Nitachemsha kahawa, nitoe vikombe viwili, niache mlango wazi. Namwomba Mungu Abner aingie. Ila akipita moja kwa moja sitamlaumu. Hata mimi ningepita."