Sauti ya Puani

Mwalimu wa kwaya ya Mabawa, Anastazia, alikuwa mkali, nyie! Ukiteleza noti moja tu, unalo.

Siku moja alichomeka maikrofoni ndogo kwenye kishikwambi chake, akakiweka mezani mbele yake, akaongoza wimbo kwa mikono miwili na kurekodi. Kuja kusikiliza, sauti zilikuwa safi mno, hata pumzi za waimbaji zilisikika. Ila mtu fulani alikuwa akiimba chinichini, puani, nje kabisa ya wimbo.

"Nani huyu ananichafulia kazi?"

Akamrekodi kila mmoja peke yake, kishikwambi mkononi, akimsogezea mdomoni. Abrahamu safi. Yudith safi. Wote kumi na wawili safi! Akarudisha kishikwambi mezani, akawaongoza tena pamoja, na ile sauti ya puani ikarudi. Akazima feni. Akafunga madirisha. Wapi! Kichwa kikamvurugika: mbona mmoja mmoja hayumo, wakiungana yumo?

"Mwalimu," Yudith alisema taratibu, "hebu kapumzike nje kidogo, sisi turekodi wenyewe."

Alitoka amenuna. Aliporudi alisikiliza mara moja, akasikiliza mara ya pili. Sauti ya puani haikuwepo.

Akaitazama mikono yake, ile anayoongozea. Akawatazama waimbaji, wote walikuwa wameinamia sakafu.

"Mlikuwa mnajua?"

Abrahamu akakohoa kidogo. "Mwaka wa tisa huu, Mwalimu."